Wenzangu kazini wanasema dunia ilikuwa ikiwaheshimu Wamarekani, mjomba anasema haijawahi. Nani yuko sahihi?

Mtanga_wa_Ohio aliandika:

Wakuu, habari za siku. Niko Columbus, Ohio, napakia maboksi ghalani zamu ya usiku. Wakati wa mapumziko tunakaa meza moja watu wa kila namna, na siku hizi mada ni moja tu: dunia inatuonaje.

Kuna mzee mmoja mzungu, zamani alikuwa mwanajeshi. Mtu mwema kwelikweli, ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye theluji bila kuishia mtaroni. Yeye anasema Marekani ilikuwa na heshima dunia nzima, imesaidia kila mtu, na sasa inachekwa. Tena hao waliosaidiwa ndio wa kwanza kutukana. Kuna na mama mmoja mweusi, mzaliwa wa hapa hapa, kila akisikia hivyo anaguna: "Walikuheshimu wewe. Baba yangu alikuwa anakatazwa kuingia kwenye mgahawa." Wakishachoka kubishana wananigeukia mimi. "Wewe wa Afrika, sema, kwenu wanatuonaje?" Mimi huwa naendelea kutafuna.

Upande wa pili yuko mjomba wangu Tanga kwenye kundi la familia la WhatsApp. Haipiti asubuhi hajatuma video: Iraki, Libya, Gaza, Lumumba, halafu chini anaandika "hao ndio mabosi zako." Na mjomba huyo huyo amenitumia pasipoti ya mwanawe nimsaidie kujaza fomu ya bahati nasibu ya viza.

Sitaki siasa za vyama, hizo nazisikia za kutosha huku. Nataka kuelewa tu: kwa nini jina la nchi hii likitajwa ndani linakuwa jingine, na likitajwa nje linakuwa jingine kabisa? Wenye umri na waliosoma, naomba msaada.

Kiroboto_Buguruni alijibu:

Mkuu waambie ukweli. Mchana tunawalaani, alfajiri tuko foleni ubalozini na bahasha ya kaki. Uzi ufungwe.

Mwl_Mstaafu_Moro alijibu:

Mtanga, marahaba kabla hujaniamkia. Kiroboto amesema kweli lakini amekimbilia mlango wa kutokea.

Nimefundisha historia sekondari tangu enzi za Mzee Mwinyi. Swali lako lilikuwa linaulizwa kila mwaka tukifika Vita Baridi, na kila mwaka darasa lilikuwa linagawanyika. Nianze na nilichokiona kwetu.

Miaka ya 1974 na 1975 mvua zilikataa, tukala unga wa yanga. Vijana wakisikia hivyo wanadhani naleta habari za mpira. Ulikuwa unga wa mahindi ya njano uliotoka Marekani, watu wakauita kwa rangi ya jezi. Ulikuja pamoja na mafuta ya kula kwenye makopo yenye alama ya mikono miwili imeshikana. Mafuta yakiisha kopo halitupwi: fundi bati analikata, anatia utambi, tunapata koroboi. Yetu ilikuwa bado ina ile mikono upande mmoja, na ndiyo niliyosomea mpaka darasa la tano. Bibi yangu hakujua Vietnam iko wapi. Kwake Marekani ilikuwa kopo lile, na alikuwa akiwaombea dua. Baba alikuwa na redio ya betri, habari za Vietnam hazikumpita, na alikula ugali ule ule huku akiwalaani waliouleta. Nyumba moja, sufuria moja. Sikuwahi kumsikia yeyote kati yao akimwambia mwenzake kwamba ana makosa.

Kwa hiyo ukiulizwa "kwenu wanatuonaje," uliza kwanza: nani wa kwetu?

Halafu katafute hotuba ya Rais George W. Bush ya 28 Januari 2003, ile ya mwaka mbele ya Bunge lao. Usiku ule mmoja, kwenye jukwaa lile lile, Afrika ilitajwa kwa mambo mawili. Kwanza alitangaza mpango wa UKIMWI, dola bilioni 15 kwa miaka mitano, ndio huu tunaoujua kwa jina la PEPFAR. Baadaye kidogo akasema Saddam Hussein wa Iraki alikuwa akitafuta urani Afrika, yaani madini ya kutengenezea bomu la nyuklia. Tarehe 7 Machi, Mohamed ElBaradei wa shirika la nguvu za atomiki aliliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka zilizodai Saddam alitafuta urani hiyo Niger si za kweli. Haikusaidia. Wiki mbili hazikutimia, mabomu yakaanza kuanguka Baghdad.

Sasa nenda kliniki yoyote ya Tanzania uulize waliokuwa wamelala kitandani wakisubiri kifo miaka ile, kisha wakapata vidonge, wakanyanyuka, wakasomesha watoto. Bush alipokuja Dar Februari 2008 kulikuwa na kina mama wamevaa nguo zenye picha yake. Alisaini na Rais Kikwete mkataba wa dola milioni 698 wa barabara, umeme na maji. Mwaka ule ule, Mwiraki angemrushia kiatu, na kweli Desemba kiatu kilirushwa. Mtu ni yule yule na hotuba ni ile ile. Mwenye vidonge na mwenye kaburi hawawezi kukupa jibu moja.

Kuhusu huyo mzee anayesema wamesaidia kila mtu na hakuna shukrani, usimkasirikie. Shirika lao la utafiti wa mambo ya afya, KFF, limekuwa likiwauliza Wamarekani kwa miaka mingi: mnadhani misaada ya nje inachukua kiasi gani cha bajeti yenu? Wastani wa majibu unafika kama robo. Ukweli ni kama asilimia moja, au chini yake. Mtu anayeamini kwamba robo ya kodi yake inakwenda kulisha dunia, ukimtumia video ya mjomba wako, atakuona huna haya. Ningekuwa mimi ningekuona hivyo hivyo.

Lakini kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hawakulipenda, na mjomba wako hatalipenda. Mengi ya hayo anayoyatuma tumeyajua kwa sababu Wamarekani wenyewe waliyatoa. Habari za sumu iliyopelekwa Kongo ya kumuua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi ile, zilitolewa na kamati ya Seneti yao, ile ya Seneta Frank Church, mwaka 1975. Mauaji ya wanakijiji wa My Lai, Vietnam, yaliyofanywa na askari wao 16 Machi 1968, yaliandikwa na mwandishi wao, Seymour Hersh, mwaka uliofuata. Picha za wafungwa wakiteswa na askari wa Marekani gereza la Abu Ghraib, Iraki, zilipelekwa kwa wapelelezi na askari wao, Joseph Darby, na televisheni yao ikazirusha Aprili 2004. Mjomba anamshtaki Mmarekani kwa jalada la Mmarekani.

Na hapo ndipo majina mawili unayoyauliza yanapozaliwa, kwa sababu jalada hilo moja linasomwa mara mbili. Ndani wanasema: mnaona, tumejichunguza, tumejisema hadharani, nani mwingine angethubutu? Nje tunasema: mnaona, wamekiri. Wa ndani anahesabu kwamba kosa lilifichuliwa. Wa nje anahesabu waliokufa kabla halijafichuliwa.

MamaBoi_Rongai alijibu:

Mwalimu heshima yako, umenena. Ila mimi ni wa Nairobi na niko na jalada ambalo ndani hawalisomi kabisa.

Ijumaa, 7 Agosti 1998, asubuhi ya saa nne na nusu hivi, pale Moi Avenue na Haile Selassie. Ubalozi wa Marekani ndio uliolengwa na bomu la magaidi, lakini jengo lililoporomoka lote ni Ufundi House lililokuwa nyuma yake, na ndani kulikuwa na wasichana wanasomea ukatibu. Walikufa watu 213 Nairobi. Wamarekani walikuwa 12. Wengine karibu wote ni sisi: makarani, wenye matatu, watu waliochungulia dirishani baada ya mlio wa kwanza na glasi ikawaingia machoni. Hao wa macho ni wengi sana, na bado wako. Dar siku hiyo hiyo walikufa 11.

Wiki mbili hazijaisha, tarehe 20, Marekani ikalipiza kwa kurusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Kwao huko hesabu ikaonekana imelipwa. Sijui nani aliwalipia wale wasichana wa Ufundi House.

Halafu kukaja habari ya fidia. Sudan ilitaka itolewe kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi, ikakubali kulipa dola milioni 335, na Desemba 2020 ikatolewa. Pesa zilienda kwa raia wa Marekani na kwa waliokuwa wameajiriwa na ubalozi. Mpita njia Mkenya aliyepoteza macho mbele ya mlango ule ule hakuwa kwenye orodha. Nasema "mbele ya mlango ule ule" nikijua ninachosema, kwa sababu bomu halikuuliza mtu pasipoti.

Mwambie huyo mzee mwanajeshi hivi: sisi Wakenya tunawapenda, hata tafiti za maoni zinaonyesha tunawapenda kuliko nchi nyingi zinavyowapenda. Obama ni wetu, tumemaliza. Lakini pale kwenye bustani ya kumbukumbu majina yameandikwa ukutani, na ukiyasoma utakutana na akina Njoroge, Otieno, Mutua na Wanjiru muda mrefu kabla hujapata jina la Kiingereza cha kwao. Sijakutana na Mmarekani anayejua hilo. Wao wakisema "shambulio dhidi yetu," kweli wanaamini ni wao waliokufa.

Kiroboto_Buguruni alijibu:

MamaBoi umenifunga mdomo. Hiyo ya orodha ya fidia sikuijua.

Fundi_wa_Lushi alijibu:

Jambo bandugu. Miye ni wa Lubumbashi, Kiswahili changu ni cha Katanga, mnivumilie.

Mwalimu amesema habari ya Church. Ni kweli, tunamshukuru yule seneta. Lakini niongeze kitu juu ya hilo jalada. Kamati ilisema CIA ilituma sumu, na ilisema pia haikuona ushahidi kwamba CIA ndiyo iliyoua. Sawa. Lumumba aliuawa hapa kwetu Katanga, usiku wa 17 Januari 1961, na watu wa Tshombe, aliyekuwa ameitenga Katanga na Kongo, na maofisa wa Kibelgiji wakiwa wamesimama pale. Sisi tunajua nani alishika bunduki. Ubelgiji ilirudisha jino lake moja mwaka 2022, jino tu, ndilo lililobakia, juu ya mwili waliuyeyusha kwa asidi.

Sasa, jalada limetoka 1975. Washington wakasoma, wakasikitika, magazeti yakaandika. Mwaka huo rais wetu Mobutu alikuwa wapi? Kinshasa, madarakani, na pesa za Marekani zikiendelea kuingia. Mwaka 1989 alikuwa bado anapokelewa Ikulu yao na Bush mzee kama rafiki wa zamani. Baba yangu alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na miaka ile mshahara ulikuwa unakuja kama mvua ya kiangazi. Kwa hiyo unaposema wamejichunguza, miye nauliza: walipomaliza kujichunguza, walimwambia nini Mobutu?

Na kabla ya hayo yote, urani ya mgodi wa Shinkolobwe, hapa karibu na Likasi, ndiyo iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima. Mmarekani anajua Hiroshima, Mjapani anajua Hiroshima. Shinkolobwe anaijua nani? Sisi hatumo hata kwenye dhambi zao.

Mtanga_wa_Ohio aliandika:

Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Hiyo sentensi ya mwisho ya Fundi nimeisoma nikasimama.

Mwalimu, nina swali juu ya swali. Huyu mzee akibanwa huwa anasema: "Ndiyo tulikosea, lakini sisi hujirekebisha." Na yule mama anamjibu: "Mlirekebishwa kwa nguvu." Je, kuna siku walijirekebisha kwa sababu ya aibu ya huku nje? Au huwa ni mambo yao ya ndani tu, na sisi tunajipa umuhimu?

Mwl_Mstaafu_Moro alijibu:

Swali zuri, na mama huyo ana kesi nzuri kuliko anavyojua.

Fundi, pokea pole yangu ya dhati, na sina cha kukupinga hapo kwa Mobutu.

Mtanga, chukua mwaka 1957. Ghana imepata uhuru Machi, na Makamu wa Rais Richard Nixon alikwenda Accra kwenye sherehe akakirimiwa. Oktoba, waziri wa fedha wa Ghana, Komla Gbedemah, yuko safarini Marekani, anasimama kwenye mgahawa wa barabarani mjini Dover, Delaware, anaagiza juisi ya chungwa. Anaambiwa unaweza kununua, ila huwezi kukaa humu ukanywa, weusi hawakai. Gbedemah akajitambulisha, akaacha juisi na pesa yake, akatoka, akawaeleza waandishi kwamba ikiwa Nixon aliweza kula nyumbani kwake, yeye haelewi kwa nini asinywe juisi hapo. Habari ikazunguka dunia. Rais Eisenhower akamwita Ikulu kunywa naye chai ya asubuhi. Fikiria: weusi milioni kadhaa wamekataliwa meza kila siku kwa miongo, hakuna aliyeitwa Ikulu. Akakataliwa mgeni mmoja mwenye serikali nyuma yake, Rais akaandaa mayai.

Mwezi mmoja kabla, watoto tisa weusi walikuwa wamezuiwa kuingia shule Little Rock, Arkansas. Eisenhower alipotuma jeshi, aliwaambia wananchi kwenye televisheni kwamba maadui zao wanashangilia aibu ile. Hata kesi ya Brown, iliyoamuliwa Mei 1954 na kuvunja ubaguzi shuleni, serikali yao ilikuwa imeiandikia mahakama tangu Desemba 1952 kwamba ubaguzi unawapa Wakomunisti chakula cha propaganda. Imo kwenye maandishi ya mahakama, si tafsiri ya mpinzani.

Kisha ikaja Barabara ya 40, Maryland, njia ya kutoka New York yenye Umoja wa Mataifa kwenda Washington yenye Ikulu. Nchi za Afrika zilikuwa zinapata uhuru kila mwezi, na mabalozi wake wengi walipita njia hiyo, wakiona njaa na kiu kama watu wengine. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alikuwa njiani kupeleka hati zake kwa Rais Kennedy, akasimama kunywa kahawa, akafukuzwa. Wizara ya Mambo ya Nje ikalazimika kutuma watu wawabembeleze wenye migahawa mmoja mmoja. Inasemekana Kennedy mwenyewe alichoka akauliza kwa nini mabalozi hawa hawapandi ndege. Lakini mwaka 1963 Maryland ikapitisha sheria, na Julai 1964 ikaja ile ya nchi nzima.

Sisemi mabalozi ndio walioleta sheria. Waandamanaji weusi waliochapwa virungu Birmingham, Alabama, ndio walioileta. Malcolm X, mwanaharakati wao mweusi, alilielewa hili vizuri, ndiyo maana mwaka 1964 alikwenda Cairo kwenye mkutano wa wakuu wa OAU, umoja wa nchi za Afrika, na Oktoba akafika Dar akaonana na Mwalimu Nyerere: alitaka Afrika iwe shahidi. Alijua kesi ya nyumbani inakuwa nzito ikisikilizwa na majirani.

Kuhusu kujirekebisha, mwambie mzee pia kwamba wenye kufichua hawapati shangwe huko kwao. Pale My Lai kulikuwa na rubani, Hugh Thompson, aliyetua helikopta yake kati ya askari wenzake na wanakijiji, akawaambia watu wake wafyatue risasi iwapo mauaji yataendelea. Aliporudi alitukanwa na kutishiwa. Nishani alipewa mwaka 1998, miaka 30 baadaye. Na yule Darby wa Abu Ghraib alishindwa hata kurudi kuishi kwao Maryland. Majirani walimwona msaliti. Leo wanawataja wote wawili kama ushahidi wa wema wa taifa.

Pwani_Mchangani alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Hapo kwenye aibu naomba nikupinge kwa adabu zote.

Mimi ni wa Unguja. Wazee wetu waliwaona Wamarekani kwa karibu: walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga cha Mradi wa Mercury hapa hapa kisiwani, kikaondolewa baada ya Mapinduzi ya 1964. Januari 1965 mwanadiplomasia wao, Frank Carlucci, akafukuzwa. Baadaye akaja kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani. Walituogopa kama Kuba ya Afrika, na kwa sababu walituogopa, walitusikiliza. Siku hizo ulikuwa ukimwambia Mmarekani "mnatia aibu," alijua mlango wa pili ni wa Mrusi.

Hiyo juisi ya Gbedemah ilifika Ikulu kwa sababu ya Moscow. Haikufika kwa sababu ya aibu. Angalia mambo yalivyokuwa baada ya 1991, Mrusi alipoanguka. Abu Ghraib dunia nzima iliona, na waliofungwa ni askari wa vyeo vya chini, jenerali mmoja akashushwa cheo, basi. Gereza lao la washukiwa wa ugaidi la Guantánamo lilifunguliwa Januari 2002, marais wamepokezana, bado lipo. Februari 2003 mamilioni ya watu waliandamana duniani kote, London, Roma, kila mahali, kupinga vita ya Iraki. Vita ikaenda. Aibu bila mshindani haifanyi kazi. Mwenye duka asiye na jirani hajali ukimnunia.

MamaBoi_Rongai alijibu:

Pwani, hapo umeongea. Sisi na ile fidia tungetoa aibu gani, na tungempelekea nani?

Mwl_Mstaafu_Moro alijibu:

Marahaba Pwani. Nakubali nusu. Mrusi alikuwa na kazi yake kwenye hadithi ile, na nilimfundisha hivyo hivyo darasani.

Nusu ya pili nakataa. Ingekuwa mshindani peke yake anatosha, basi leo Marekani ingekuwa inatubembeleza, maana mshindani yupo, tena amekaa sebuleni. Uwanja wa Mkapa kajenga Mchina, barabara Mchina, simu uliyoshika Mchina. Na bado mwaka 2025, tarehe 20 Januari, ikatoka amri ya kusimamisha misaada, na tarehe 1 Julai shirika la USAID, lililoanzishwa na Kennedy mwaka 1961 ili kushindana na Mrusi, likafungwa. Kuna watoa huduma kwenye miradi ya UKIMWI hapa Morogoro walipata ujumbe wa kusimama kazi wakiwa na wagonjwa kwenye benchi. Nawafahamu, mmoja nilimfundisha. Mchina alikuwapo, na mkono uliondolewa.

Kwa hiyo kuna kitu kingine kinahitajika: watu wa ndani wenyewe wawe wanajali namna wanavyoonekana. Eisenhower alijali. Alijali kwa hesabu za kisiasa, sawa, lakini alijali. Siku hizi wako wengi huko ambao ukiwaambia dunia inawaona vibaya, wanakujibu kwamba dunia iache kuwaangalia. Huyo huna pa kumshika, uwe na Mrusi au usiwe naye. Huyo mzee wa Mtanga si wa namna hiyo. Anaumia. Mtu anayeumia kwa jina la nchi yake bado unaweza kuongea naye.

Fundi_wa_Lushi alijibu:

Miye niko na Pwani kwa mengi, lakini hapa Mwalimu amenishika. Ubelgiji haina mshindani wa kuogopa, na jino limerudi. Miaka 61 imepita, lakini limerudi. Kuna watu wao, watafiti na wabunge, waliosumbua serikali yao mpaka ikachoka.

Mtanga_wa_Ohio aliandika:

Mwalimu, haya yote nitayabebaje mpaka mezani? Mapumziko yenyewe ni nusu saa, na chakula hicho hicho.

Mwl_Mstaafu_Moro alijibu:

Usiyabebe yote. Na mzee wa watu usimrundikie Iraki, Kongo na Nairobi usiku mmoja, atanyanyuka na sahani yake. Waambie wote wawili habari ya Dover kwanza, mama yule akiwepo. Yeye atakuwa na ya baba yake ya kuongezea, na hapo wewe nyamaza, endelea kutafuna. Ya MamaBoi iache siku nyingine, na siku hiyo uende na ile picha ya ukuta wa majina kwenye simu.